Meno Manne ya Mjukuu Wangu

Ejok, wamama wenzangu. Mnanijua, kwenye kikundi hiki mdomo wangu haupumziki. Leo umekuwa mzito, mnivumilie.

Mjukuu wangu mmemwona hapo nje akicheza. Binti yangu anafanya kazi Kakuma, aliniachia huyu mtoto hapa Lodwar akiwa na mwaka mmoja. Ukame ulipozidi, kliniki walimzungushia mkononi ile tepe ya kupima utapiamlo, ikasoma nyekundu. Ndugu zangu, nawaambia, mimi nimezika mtoto. Nyekundu naijua. Walimpa lishe ya pakiti mpaka tepe ikasoma kijani, wakasema sasa ale chakula cha nyumbani.

Mkono ulipona, hofu yangu haikupona. Kila kikombe cha uji nilitia vijiko vitatu vya sukari na donge la mafuta ya kuganda. Maziwa nayo, sukari. Majirani wakisema, "Huyu ni mtoto wa tajiri," mimi kichwa kinavimba! Binti yangu akipiga simu kuuliza kama namtilia sukari, namwambia, "Ni kidogo tu."

Alipofika miaka mitatu, meno ya mbele yalikuwa meusi. Akawa analia ameshika mdomo. Samaki anatema, maziwa anasukuma, akaanza kukonda tena. Kitu pekee kilichomnyamazisha ni kidole changu nikikichovya kwenye sukari. Nilijua ndiyo inayomuumiza, na bado nilichovya. Ningefanya nini? Yeye analia, mimi nalia.

Binti yangu alikuja tukampeleka hospitali. Daktari akauliza, "Shosho, huyu anakula nini?"

"Samaki na maziwa, daktari."

Nilidanganya, binti yangu akisikia. Waling'oa meno manne, mimi ndiye nimemshika kichwa. Walipomaliza, mtoto akanitazama, damu mdomoni, akasema, "Nyanya, sukari."

Binti yangu hakunigombeza. Alitoka nje tu. Afadhali angenigombeza.

Ndipo nikaja kwenu. Mmoja wenu alibeba mkebe wangu wa sukari na lile kopo la mafuta, akaweka kwake. Wote mkakubali mtoto akiingia kwenu apewe maji, au maziwa hivyo hivyo. Siku nne alikataa uji. Siku ya nne nilikwenda kwa huyo dada kuomba kijiko kimoja, kimoja tu. Alikataa, akaniketisha, akashika mkono wangu mpaka nikatulia. Siku ya tano mtoto alikunywa nusu kikombe, amenikasirikia kweli kweli.

Asanteni. Peke yangu nisingeweza, na hata leo akililia sukari nageukia pale mkebe ulipokuwa. Mwenye mtoto mdogo anisikie: tepe ikisoma kijani, iamini. Usimlishe mtoto hofu yako.

Daktari anasema meno mengine yataota akikua. Jana aliniuliza, "Nyanya, meno yangu yalienda wapi?"

Nikamwambia, "Niliyala mimi."

Akacheka sana. Alidhani namtania.