Figo la Valliammai

Asubuhi ile Chelladurai, fundi cherehani wetu, alirudi kwenye benchi la duka la kahawa hapa mjini Kumbakonam, amekonda, barakoa kidevuni. Kwa muda mrefu mashine ndiyo iliyokuwa ikimsafishia damu. Sasa mkewe, Valliammai, alikuwa amempa figo lake moja, na mwili wake ukalikubali. Tulimpokea kwa hamu: mimi, Pandian tunayemwita Kondakta, na Ezhil muuza mikeka, ambaye kwa ubishi wake tunamwita Profesa. Kabla hajaketi vizuri, Chelladurai akatuomba radhi, akaenda msalani. Akarudi anacheka peke yake.

— Umeenda tena, fundi? — Kondakta akauliza.

— Niache, ndugu yangu. Nilikuwa nakaa siku nzima bila tone. Sasa nikikojoa naona sikukuu.

— Jambo dogo hilo, — akasema Profesa. — Figo ni chujio la kahawa. Safi inashuka, machicha yanabaki.

— Hata mimi nilidhani hivyo. Daktari akasema chujio ni mwanzo tu. Maji, sukari, chumvi, vyote vinapita pamoja na uchafu, vinaingia kwenye mirija myembamba. Humo ndimo mwili unavuta vilivyo vyake: sukari yote, maji karibu yote, chumvi inayotosha.

— Kumbe abiria wote wanashushwa, wenye tiketi wanapandishwa upya, — akasema Kondakta.

— Hasa. Na wakorofi waliobaki ndani, asidi na mabaki ya dawa, mirija inawatoa kwenye damu na kuwasukumia kwenye mkojo.

— Basi mirija hiyo ipewe uwaziri, — akasema Kondakta.

— Uwaziri gani? — Profesa akadakia. — Hilo ni figo la mwanamke, lina kumbukumbu zake. Mama yako akija kukutembelea, fundi, litagoma. Utavimba miguu mpaka aondoke.

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Hatukumwona Valliammai, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, chupa ya maji ya mumewe mkononi, mkono mwingine umeshika ubavu.

— Nyie mnaojua kila kitu, — akasema taratibu, — miaka yote figo hilo lilikuwa likinirudishia mimi vilivyo vyangu. Limejuaje kwamba sasa ni vyake?

Kondakta akamtazama Profesa.

Chelladurai akasogea, akampa nafasi kwenye benchi ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulikalia. Valliammai akakaa, akisubiri jibu.