Bega la Brashi, Kati ya Sifuri na Kumi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kando ya duka la vipuri ambalo hufunguliwa siku mwenyewe akijisikia. Kivuli cha ukuta kikishafika barabarani, wakaaji wake huja mmoja mmoja, na kila mtu ana mahali pake ingawa hakuna aliyewahi kugawa mahali. Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote pale, huweka jiko lake mwisho wa ubao na kumimina kahawa. Ubavuni pake hukaa Mzee Refa, aliyechezesha mpira ujanani na mpaka leo hawezi kusikia ubishi bila kutoa uamuzi. Kisha Dalali, anayetafutia watu nyumba na kuzisifu hata zile ambazo hajazitia machoni. Pembeni kabisa hukaa Brashi, fundi rangi, aliyemwoa dada yake Dalali. Siku hiyo Brashi alikishika kikombe kwa mkono wa kushoto, kama anavyofanya tangu alipopasuliwa bega la kulia, na alikuwa na neno kinywani ambalo alikuwa akilizunguka tangu aketi.

– Kesho naenda hospitali, alisema hatimaye. Ndiyo mara ya mwisho.

– Hongera, shemeji! alisema Dalali. Kisu umekishinda.

– Wataniuliza namba.

– Namba ya simu?

– Ya maumivu.

Ikabidi aeleze. Hospitali ilikuwa na utafiti wa mabega. Wagonjwa waligawanywa kwa kura, nusu wapasuliwe, nusu wapewe mazoezi peke yake, ili ijulikane ni lipi lenye faida zaidi. Kura ya Brashi iliangukia kisu, kisha mazoezi baadaye. Tangu hapo muuguzi humpigia simu kila mwezi na kumuuliza: kati ya sifuri na kumi, sifuri ikiwa huumwi kabisa, na kumi ikiwa ni maumivu ya kupita yote, leo uko wapi?

– Na wewe husema ngapi? aliuliza Shangazi.

– Mbili.

– Kila mwezi?

– Kila mwezi.

– Kwa nini mbili?

Brashi alifikiri.

– Sifuri ungekuwa uongo. Moja ni kama kujigamba. Mbili ndiyo adabu.

Wote watatu waliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeona ajabu. Mtu akikuuliza habari, unasema nzuri, hata kama nyumba yako inaungua nyuma yako. Ukishasema nzuri ndipo unaongeza: ila kuna moto kidogo.

– Muuguzi hangoji hiyo “ila”, alisema Brashi. Ukisema mbili anashukuru, anakata simu.

Ambalo hakulisema ni kwamba mkono ukifika usawa wa sikio, kitu ndani humng'ata, na hapo ndipo safari yake huishia. Siku hizi alikuwa akichukua kazi za milango na mageti tu, akidai amechoka na vumbi la vyumba vya watu. Nyumbani pia alisema hivyo. Kesho akisema mbili, daktari atampa mkono wa heri, atamwambia amepona, na mlango wa chumba cha mazoezi utafungwa. Akitaja namba kubwa, atakuwa anamwambia nini yule mama aliyempasua, aliyemuuliza hali ya watoto kabla ya kumuuliza hali ya bega?

– Sasa mnanishauri niseme ngapi?

Dalali alijikohoza, kama afanyavyo akifika mbele ya mlango wa nyumba ya kupangisha.

– Shemeji, kosa lako ni la biashara. Mbili si bei ya kuanzia! Unaanza na tisa. Daktari atakwambia, tisa ni nyingi, bwana. Unashuka mpaka saba. Mnakutana kwenye sita. Wewe umeanza na mbili, utashukia wapi?

– Daktari hapatani bei, alisema Brashi.

– Kila mtu anapatana bei. Wengine hawajui tu kwamba wanapatana.

– Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Mzee Refa kwa sauti ya kufunga mjadala.

– Bega, mzee. Huyu ni bega.

– Guu, bega, vyote ni viungo. Nisikilizeni. Hapa kuna timu mbili. Timu ya kisu na timu ya mazoezi. Brashi amesajiliwa na kisu. Kesho akitaja tisa, amejifunga!

– Amejifunga vipi?

– Si goli limeingia kwenye wavu wao? Madaktari wa kisu watamtazama vipi? Mchezaji hafungi upande wake.

Brashi alikitazama kikombe chake. Mzee Refa alikuwa ameligusa lile lililokuwa likimsumbua, ila kwa njia ya uwanjani.

– Mimi nawaza kingine, alisema Shangazi akipepea makaa. Ikiwa Brashi alisema mbili kwa adabu, na wale wengine waliopasuliwa wamelelewa na nani? Na mama kama mama yake. Basi wote wamesema mbili.

– Ndiyo.

– Basi kitabu cha utafiti kitasema kisu kinaponya. Watu wa nchi zisizojulikana watapasuliwa mabega kwa sababu ya adabu zetu.

Dalali alishusha kikombe.

– Shangazi, hiyo ni kesi ya dunia nzima.

– Subirini, alisema Mzee Refa, na mkono wake ukapanda kana kwamba bado una kadi. Na wale wa mazoezi? Nao wana mama zao. Nao wamesema mbili.

– Kwa hiyo?

– Kwa hiyo ni sare.

– Sare! Na watafiti watakuwa wamegundua nini?

– Kwamba tumelelewa vizuri, alisema Shangazi.

Walicheka mpaka Brashi akacheka nao, na katika kucheka bega likamkumbusha lilipo. Akanyamaza kabla ya wenzake.

– Mimi nilisikia redioni, alisema Dalali, ambaye sasa alikuwa amepata moto, kwamba kuna mahali wagonjwa walichanwa ngozi tu, wakashonwa, ndani hawakuguswa. Na wakasema nafuu wamepata!

– Acha uongo.

– Redioni, mzee! Maana yake maumivu hayakai begani. Yanakaa kichwani. Begani yanapanga tu. Na mpangaji ukimjulia, unamhamisha. Shemeji, kila asubuhi liambie bega la kushoto lipokee nusu. Haba na haba hujaza kibaba.

– Kibaba cha maumivu? aliuliza Shangazi.

– Nne huku, nne huku. Mwili una haki.

– Hapana, alisema Mzee Refa. Nne na nne ni nane. Umemwongezea mgonjwa. Mimi naamua hivi: kesho aseme tano. Tano iko katikati ya uwanja. Haimwudhi mtu.

– Tano ni namba ya mwoga.

– Tisa ni namba ya mwongo.

– Mbili je?

– Mgonjwa haulizwi uji, alisema Mzee Refa, na kwa kuwa methali hiyo ilikaribia kufaa, wenzake waliipitisha.

Shangazi aliwaongezea kahawa. Alipofika kwa Brashi alimimina polepole zaidi, akimtazama usoni, kisha akarudi kwenye jiko lake.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipovuka barabara akiwa na funguo mkononi. Hawakumjua. Alisimama mbele ya benchi na kuwasalimu wote kwa pamoja, nao wakajibu hawajambo, kila mtu kwa zamu yake.

– Nimeelekezwa kwamba hapa hupatikana fundi rangi, alisema. Nimehamia ile nyumba ya kona. Kuta ni safi, shida ni dari. Huyo fundi, dari anaweza?

Dalali, ambaye hujibu kila swali la nyumba kabla halijaisha, alifungua kinywa, akamtazama shemeji yake, akakifunga. Mzee Refa alitazama mikono yake mwenyewe. Walikuwa wamelipatia bega lile namba tisa, na tano, na nne mbili, na wakati wote huo hakuna aliyejua kama linaweza kupaka dari. Shangazi aliacha kupepea.

Brashi aliweka kikombe chini. Akaunyanyua mkono wa kulia mbele ya watu kwa mara ya kwanza, taratibu, kama mtu anayejaribu ngazi asiyoiamini. Ulifika usawa wa sikio. Ukasimama. Uso wake ukabadilika, na safari hii hakuugeuza pembeni.

– Dari siwezi, dada, alisema. Mkono hauendi.

– Pole sana. Tangu lini?

– Tangu kabla ya kupasuliwa. Baada ya hapo ulipanda kidogo, kisha ukagoma.

– Shemeji, alisema Dalali kwa sauti ndogo. Si ulituambia hali ni nzuri?

– Niliwaambia nzuri, ndiyo.

Mwanamke alisema pole tena, na pole yake haikuwa na haraka. Brashi akamwelekeza kwa fundi mwingine, mtaa wa nyuma, mtu mrefu mwenye kazi safi. Akamwambia amtaje yeye, Brashi, ili asipoteze muda kujieleza. Mwanamke alishukuru, akaenda. Walimsikiliza akitembea mpaka hatua zake zikachanganyika na za wapita njia wengine.

– Dada yangu anajua? aliuliza Dalali.

– Leo atajua. Nitamwambia mwenyewe, usinitangulie.

– Sitakutangulia.

Mzee Refa alitafuta methali, akaikosa, na kwa mara ya kwanza hakuonekana kujali kuikosa. Aliisogeza miguu yake, akamwachia Brashi nafasi kidogo zaidi kwenye ubao, ingawa nafasi ilikuwapo ya kutosha.

– Basi kesho, alisema baadaye, utamwambia daktari ngapi?

– Nitamwambia dari.

– Dari siyo namba.

– Najua, alisema Brashi.