Beatha Nathanaeli, Aliyejua Kwamba "Haya" Siyo "Ndiyo"

Baada ya miaka thelathini na moja ya kugonga milango ya watu na kuwauliza wanaonaje, Bi Beatha Nathanaeli anastaafu tarehe 30 Septemba 2025, akiwa Msimamizi wa Wadadisi katika Kituo cha Sauti ya Kaya, hapa Same. Alianza tarehe 1 Oktoba 1994 akiwa na kalamu mbili, ubao wa kuandikia na viatu vya kuazima. Anaondoka na kishikwambi cha ofisi, ambacho atakirudisha, na jina zuri, ambalo hatalirudisha kwa mtu.

Kwa desturi ya Kituo, wasifu wa anayestaafu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Bwana Hezroni, aliyefanya kazi naye miaka kumi na tisa, alipanda Vudee kuniomba picha ya Beatha ya utotoni na tarehe ya ubatizo. Nikamwambia aniachie na karatasi pia. Mimi ni Ernesta, mama yake mzazi. Niliishia darasa la nne, lakini darasa la nne la zamani, na huyu mtu nimemsoma miaka sitini. Herufi zilizokosewa Hezroni amezirekebisha. Sifa sikumruhusu apunguze hata moja.

Beatha ni wa pili katika watoto sita. Wote wana akili, sibagui, ila huyu alikuwa na masikio. Akitumwa kuomba moto kwa jirani alirudi na moto na habari za nyumba nzima, nazo hakuzitangaza. Baba yake, marehemu Nathanaeli, alikuwa akisema mtoto huyu ni sanduku lenye kufuli. Alipomaliza kidato cha nne alifundisha chekechea, akauza maharage gulioni, kisha Kituo kikafunguliwa na kikatafuta watu wanaojua Chasu, lugha yetu ya milimani, na wasiochoka kupanda milima. Waliomba watu arobaini, wakachukuliwa sita, na wa kwanza kuitwa jina lake ni nani? Nilikuwa nje ya mlango, nilisikia.

Kazi yenyewe wengi hawaielewi. Majirani walidhani anaandikisha watu wa kodi, wengine wakadhani ni chanjo. Kazi yake ilikuwa kwenda kwenye kaya iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, iwe bondeni iwe juu kwenye ukungu, na kuuliza mambo yanayojadiliwa nchini: maji, shule, barabara, sheria. Majibu yanajumlishwa, halafu wakubwa wanaambiwa wananchi wanasemaje. Amefukuzwa na ng'ombe mara mbili na mbwa mara nyingi. Kule Kihurio aliwahi kumhoji mzee katikati ya jaruba la mpunga, wote wawili maji magotini, kwa sababu mzee alisema zamu yake ya maji haingoji maswali ya mtu. Dodoso lilijaa, na jaruba nalo likajaa.

Alikuwa na namna yake, na nasema wazi kwamba aliitoa nyumbani. Hakuwahi kuuliza watu mikono yake ikiwa mitupu. Akikuta mama anapukuchua mahindi, anakaa anapukuchua naye, na maswali yanakuja katikati ya magunzi. Wakubwa wa mwanzo walilalamika kwamba anachukua saa nzima pale wenzake wanapochukua dakika ishirini. Baadaye waliona kwamba madodoso ya Beatha hayana mahali patupu, wakaacha kulalamika. Nadhani kuna madebe mengi sana ya mahindi katika wilaya hii ambayo ameyapukuchua yeye.

Sasa nieleze jambo la mwaka huu, kwa sababu ndilo lililomjaribu, akiwa amebakiza miezi minne.

Kituo kilipewa kazi ya kuchunguza maoni kuhusu mapendekezo ya sheria ya utambuzi wa jinsia. Nieleze kwa lugha yangu. Wapo watu ambao cheti cha kuzaliwa kinasema me, yaani mwanamume, na maisha yao na mwili wao vinasema vingine, au kinyume chake. Swali lilikuwa kama sheria iwaruhusu kurekebisha maandishi hayo. Ubishi ulikuwa mkali, kanisani, sokoni, hata kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, watu wanachimba mfereji huku wanagombana. Waliotaka sheria walisubiri namba. Waliokataa nao walisubiri namba. Kila upande ulitaka namba iwe rungu la kumpigia mwenzake.

Wadadisi walipanda, wakashuka. Waliulizwa watu mia nne na kumi na wawili. Swali la nne lilisema, je, unakubali kwamba jinsia iliyoandikwa kwenye cheti isibadilishwe kamwe? Sabini na nne katika kila mia wakaandikwa ndiyo. Swali la tisa lilisema, je, unakubali kwamba mtu ambaye cheti chake hakilingani naye aruhusiwe kukirekebisha? Sabini na moja katika kila mia wakaandikwa ndiyo. Mambo mawili yanayopingana, na watu walewale. Kila upande tayari ulikuwa umechukua swali lake na kuanza kushangilia.

Beatha alipanga majibu kijiji kwa kijiji. Tambarare watu walikuwa wamebishana na dodoso, hapa ndiyo, pale hapana. Milimani zilikuwa karibu ndiyo tupu, mstari mzima, kama kiwavi kwenye jani. Akamwita Faustina, mdadisi aliyepanda huko, binti mzuri, mchapakazi, aliyezaliwa mjini, akamuuliza hawa watu walijibu kwa neno gani hasa.

"Walisema haya, mama," Faustina akasema. "Nikaweka ndiyo."

Msomaji wa milimani ameshacheka. Huku kwetu mgeni habishiwi mlangoni. Anapewa kigoda, anapewa ndizi, na akisema neno anajibiwa haya. Haya maana yake nimekusikia, endelea, usije ukalala njiani. Mtu anaweza kukwambia haya, ukaenda zako umefurahi, na yeye akaendelea na la kwake. Hata Beatha mwenyewe mwaka 1994 aliliandika ndiyo, katika habari ya kuhamisha gulio, na siku ya kuhama hakuhama mtu. Alirudi nyumbani analia, nikamwambia mwanangu, umewauliza kama wanakusikia, na wamekujibu.

Basi alikwenda kwa mkurugenzi, Bwana Chande, akamwambia namba zile haziwezi kutoka. Bwana Chande ni mtu mwema na ameniruhusu niandike haya. Lakini mkutano wa kutangaza matokeo ulikuwa baada ya siku kumi, wageni wameshaalikwa, na waliotoa kazi walikuwa wanapiga simu asubuhi na jioni. Alimwambia kama zimekosewa, basi aliyezisimamia ndiye atakayeandikiwa barua, na barua hiyo itakaa kwenye faili lake la kustaafu. Halafu akapunguza sauti.

"Beatha, umebakiza miezi minne. Ondoka kwa amani."

"Mkurugenzi, niandikie barua," mwanangu akamjibu. "Lakini watu wa milimani siwezi kuwasemea jambo ambalo hawajalisema."

Barua iliandikwa. Niliiona kwa macho yangu, ina muhuri. Nilimwambia kwa hasira anyamaze apokee zawadi yake ya godoro na cherehani kama wenzake, miaka thelathini na moja si mchezo. Nakiri hapa mbele ya watu kwamba siku ile mama mtu alikuwa upande wa godoro.

Yeye alipanda. Hezroni na Faustina wakaenda naye kwa nauli zao, na waliwarudia watu mia moja thelathini na wanane kwa siku saba. Safari hii hakukuwa na neno unakubali. Beatha aliligeuza swali: wapo wanaosema maandishi yabaki, wapo wanaosema yarekebishwe, wapo ambao bado wanawaza, wewe unasemaje? Halafu alikaa kimya akapukuchua. Anasema kimya hicho ndicho kilichokuwa kigumu kumfundisha Faustina.

Kwangu Vudee, Beatha hakuruhusiwa kunihoji, kanuni zinakataza ndugu, akaja Hezroni. Nilimjibu hapana, yabaki, kama nilivyojibu mara ya kwanza. Mimi si mtu wa haya. Nilipomwambia amfikishie Beatha kwamba ndivyo nilivyojibu, alisema hawezi, ni siri ya mhojiwa. Nikamwambia mhojiwa ndiye anayekutuma. Akakataa. Ndivyo Beatha alivyomfundisha.

Katika kijiji kimoja, ambacho Beatha hajakitaja hata kwangu, walimkuta fundi cherehani, binti wa miaka ishirini na minne. Wote wanaomjua wanamjua kama binti. Lakini aliyempokea siku ya kuzaliwa hakuwa na hakika na alichokiona, akaandika me. Kitambulisho kinachofuata cheti kinamwita mwanamume, na kila dirisha analofika anaambiwa arudi na mwenye karatasi. Mara ya kwanza alipoulizwa, maswali yote mawili alisema haya, na kishikwambi kikaandika kwamba amekubali cheti kisibadilishwe kamwe. Alihesabiwa dhidi ya nafsi yake mwenyewe.

Mara ya pili Beatha alikaa naye akitoa nyuzi kwenye vitambaa. Kisha yule binti akasema, "Dada, andika hivi. Mimi si kosa. Kosa liko kwenye karatasi."

Beatha akaandika.

Habari hii sikuitoa kwa Beatha, hangenipa. Binti mwenyewe aliposikia kuna kijitabu cha kumuaga, alituma barua Kituoni akaomba iwekwe, bila jina lake. Namshukuru hapa, popote alipo.

Sasa sikilizeni jambo linalonifanya nitembee kichwa juu. Wale waliotaka sheria walipopata fununu kwamba kuna mtu kama huyo, waliomba habari yake iwekwe mbele kabisa ya taarifa, ili watu walie. Beatha alikataa. Alisema huyu ni mtu mmoja, na amehesabiwa mtu mmoja. Bibi kizee yeyote aliyekataa kule juu naye ni mtu mmoja. Akianza kumpa mmoja sauti ya watu kumi, kesho atamnyang'anya mwingine. Kwa hiyo mwanangu, ambaye moyo wake naujua ulivyo laini, alirudi na machozi ya yule binti kwenye mkoba na hakuyatumia.

Siku ya mkutano, hapa Same, Bwana Chande alisimama akaifuta ile taarifa ya kwanza mbele ya watu. Akasoma mpya. Milimani, katika kila mia, arobaini na mmoja wanasema maandishi yabaki. Thelathini na watatu wanasema yarekebishwe. Ishirini na sita bado wanawaza. Mchungaji mmoja akanuna, na mwanasheria mmoja akanuna, kwa hiyo nikajua kazi imefanyika vizuri. Mzee mmoja wa nyuma akauliza hao ishirini na sita ni akina nani, mbona hawakuwepo mwanzo.

"Walikuwepo," Bwana Chande akasema. "Tulikuwa tunawaandika ndiyo."

Hakuna rungu lililopatikana siku ile. Sheria haikupita wala haikuanguka, waliotoa kazi waliamua warudi vijijini kwanza waeleze mapendekezo kwa utaratibu, na kwa mara ya kwanza pande mbili zilikaa zikaulizana maswali badala ya kutupiana asilimia. Ile barua yenye muhuri Bwana Chande aliitoa kwenye faili mwenyewe. Na tangu mwezi wa saba, kila dodoso la Kituo lina safu ya tatu, ya wanaowaza bado. Wadadisi wanaiita safu ya Beatha, mimi naiita safu ya Nathanaeli, maana ni jina la ukoo.

Kwa hiyo naandika mafanikio yake kama Hezroni alivyoniomba: kaya zaidi ya elfu tisa, wadadisi sitini na wawili aliowafundisha, jozi kumi na nne za viatu, na siri za wahojiwa wote, ambazo hata moja haijawahi kutoka. Anakishukuru Kituo, na mimi nakishukuru kwa kumtunza. Namshukuru Faustina, aliyekiri neno moja dogo bila kujitetea, maana wakubwa wengi hawaliwezi hilo. Tena nasikia nafasi ya Beatha anapewa yeye. Hongera, binti yangu, nunua viatu imara.

Na mimi nina ombi la mwisho kwa Hezroni. Nilisema hapana mara mbili na sikudanganya. Lakini tangu barua ya yule fundi isomwe kwangu, silali kwenye jibu langu kama nilivyokuwa nalala. Akipita tena Vudee, aniandike safu ya tatu.

Kuna kitu hamkijui ninyi mliofanya kazi naye. Kwa miaka thelathini na moja Beatha hajamwambia mtu yeyote yeye anaonaje. Anasema mdadisi akiwa na maoni, mhojiwa ataanza kumpendeza. Katika ubishi huu wote, hata mimi niliyemzaa sijui yuko upande gani, na nimemtega kwa makande, kwa chai ya tangawizi, na kwa maombi.

Mwanangu Beatha, Kituo kinakutakia pumziko jema, afya na siku ndefu, na mimi natia amina. Kazi yako inaisha tarehe thelathini. Tarehe moja asubuhi panda Vudee, nitakuwa barazani napukuchua mahindi. Kaa, chukua gunzi. Nitakuuliza wewe unasemaje, halafu nitanyamaza mpaka uniambie.