Nani Anamtoa Mwenzake Mchezoni

Benchi la Bi Birika ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, pale njia ya zahanati inapokata ya sokoni. Jua likishapoa, mkaa unawaka, vikombe vinazunguka, na hakuna jambo la dunia linalokosa dawa hapo, ila dawa zenyewe hazijawahi kumponya mtu. Wenyeji wa kudumu ni wawili. Mzee Breki, dereva mstaafu, aliitwa hivyo kwa sababu hamwachi mtu amalize sentensi. Antena, fundi wa redio zilizokufa, hunasa habari kabla hazijatokea. Jioni hiyo akaja Seremala, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye nyusi, akakaa ncha ya ubao kama mtu aliyeitwa kwenye kesi.

— Sema, kaka yangu, alisema Bi Birika akimjazia kikombe. Hilo lililokukaa kooni kahawa haiwezi kulisukuma.

Seremala akalisema. Alipooa mara ya pili, alikuja na kijana wake, mkewe akaja na binti yake. Watoto wale wakaishi nyumba moja kama abiria wasiojuana, mpaka ukaingia ule mchezo wa kompyuta, wa kupambana na watu wa mbali kupitia mtandao. Hapo ndipo walipoanza kucheka pamoja. Kompyuta ilikuwa moja, ya kijana, wakawa wanapokezana. Seremala akaona vyema kila mmoja awe na yake, wacheze upande mmoja bega kwa bega. Akanunua ya pili.

— Tangu siku hiyo, akiingia huyu, yule anatupwa nje ya mchezo. Kila mmoja anaapa kuwa mwenzake anamkata makusudi. Binti kafunga begi, kesho anarudi kwa bibi yake. Na mama yake asubuhi kaniambia, "mwanao huyo." Siku zote alikuwa akisema "mwanetu."

Bi Birika akaacha kupepea mkaa.

— Leo nitalijua, alisema Seremala. Hata kama ni kukifumua kile kiboksi cha mtandao msumari kwa msumari.

— Usikifumue, alidakia Mzee Breki. Hiyo ni barabara tu. Nimeendesha lori miaka mingi, najua. Njia nyembamba, magari mawili yamekutana darajani. Moja lirudi nyuma. Nunua waya mnene.

— Nimenunua.

— Mnene kiasi gani?

— Mzee, nimenunua waya, nimezima televisheni, nimekizima kiboksi nikakiwasha, nimehamisha meza mara tatu. Mke wangu sasa ananiuliza kama nahama nyumba kidogo kidogo.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Mzee Breki kwa utulivu.

— Kiboksi hakina guu, alisema Antena. Sikilizeni. Huko mchezo unakotoka kuna mtu amekaa, kazi yake ni kutazama tu. Akiona wawili wametokea nyumba moja, anasema, hawa wamekula njama. Anabonyeza, mmoja nje.

— Hapati usingizi huyo mtu? alidakia Mzee Breki.

— Wanapokezana zamu.

— Wana mishahara? aliuliza Bi Birika.

— Mikubwa. Dawa yake, Seremala, toboa ukuta. Binti awe na mlango wake wa nje, mtandao uone nyumba mbili.

— Nimtengee binti mlango wake? Si ndilo analolilia kuwa tunamtenga?

Antena akakohoa, lakini akishapanda juu hajui kushuka.

— Basi nitasema, mnisamehe. Vile viboksi vinasikia. Hicho chako kimekaa sebuleni tangu kijana akiwa peke yake, kimemzoea. Kinamjua mwenye nyumba. Binti kinamwona mgeni, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Seremala aliweka kikombe chini. Maneno hayohayo, bila jembe, alikuwa ameyasikia yakipita chini ya mlango wa chumba cha binti.

— Nimejaribu, alisema taratibu. Nimekaa katikati yao na kikombe cha chai, nikawaamuru, ingia wewe, sasa wewe. Akitangulia binti, binti ndiye anayetoka. Akitangulia kijana, anatoka kijana. Kiboksi hakina mpendwa. Kinamtoa aliyetangulia.

— Basi wapatane nani achelewe, alisema Mzee Breki. Haraka haraka haina baraka.

Nyuma yao, akisikiliza tangu mwanzo, alikuwa amesimama mkunga wa zahanati, ametoka kazini, viatu mkononi, miguu imevimba. Hakuwa mtu wa benchi. Alikuja kununua kahawa ya kuondoka nayo.

— Samahani wazee wangu, alisema. Sisi tukipokea mapacha, kila mmoja tunamfunga namba yake mkononi, maana hata mama mzazi huwachanganya. Hizo kompyuta zenu, kiboksi kinazitofautishaje?



— Mimi nilitaka zisitofautiane, alisema Seremala. Nilimpelekea aliyeniuzia ile ya kwanza, nikamwambia hii ya pili iwe sawa nayo, hata picha ya kwenye kioo. Mtoto asije akasema mwenzake kapewa bora.

Akatoa simu, akampigia muuzaji palepale, sauti juu, benchi lote likainama. Yule bwana alicheka kwanza, kisha akaacha.

— Mzee, kila kompyuta ndani ya nyumba ina namba ambayo kiboksi kinaitambua kwayo. Ya kwanza ilikuwa imewekewa namba ya kudumu. Ulisema nisiache hata nukta, nikanakili kila kitu, na namba ikaenda. Ya pili ikiingia, kiboksi kinadhani ni ileile imehamia upande mwingine, kinaikata ya kwanza. Badilisha namba ya moja, basi. Nitakuelekeza ukifika nyumbani.

— Nilikuwa nakaribia kusema hivyo, alisema Antena.

Mkunga alipokea kahawa yake, akageuka kuondoka, kisha akasita.

— Sasa utabadilisha ya nani, shemeji? Ya mwanao, au ya mwana wa mkeo?

Bi Birika aliinamisha birika, yakatoka matone na machicha. Seremala alikaa na simu mkononi. Akigusa ya binti, binti atasema, niliwaambia, mimi ndiye wa kusogezwa. Akigusa ya kijana, kijana atasema, nilikuwepo kabla yao, na bado napokonywa. Mbao mbili zikikataa kukutana, yeye hakuwahi kuranda moja tu.

Akasimama, akajikung'uta vumbi.

— Zote mbili, alisema. Nitawaita wakae pamoja, kila mmoja achague namba yake mpya. Ile ya zamani tunaifuta, haimbakii mtu.

— Lakini si amesema inatosha moja? alisema Mzee Breki.

— Kwa kiboksi inatosha moja, alisema Seremala, akashika njia ya nyumbani.