Mgeni wa Ohinga Aliyegeuka Mkwe

Pale njia panda, barabara ya vumbi inapoachana na lami kuelekea Thimlich Ohinga, kuna benchi la mbao za mtumbwi uliovunjika, na hakuna jambo la dunia hii ambalo halijaamuliwa juu yake. Kezia huuza hapo kahawa ya tangawizi, na wateja wake kila mmoja ana cheo. Mzee Odhiambo ni Katiba, kwa sababu mila zote za Waluo amezigawa vifungu. Gisiri, dalali wa ng'ombe kutoka Ukuria, ni Balozi, kwa sababu akivuka mpaka Isebania asubuhi, jioni hurudi na Kiswahili cha Tanzania. Ken wa bodaboda ni Droni: huona kila kitu kutoka mbali na hakuna anachokiona vizuri. Cephas hakuwa na cheo mpaka juzi juzi, alipoipaka nyumba yake rangi na kuandika ukutani KARIBUNI WAGENI LALENI. Tangu hapo ni Meneja. Siku hizi magari ya watalii hayakatiki hapo, wanakwenda kuona ule mji wa kale wa mawe wa Ohinga, wanapiga picha, kisha wanageuza wakalale Takawiri au Migori mjini, na wenyeji wanabakiziwa vumbi. Cephas ndiye wa kwanza kupata wageni wa kulala. Walikuwa njiani kutoka Homa Bay, wafike kabla ya jua kuzama, na Cephas alikuja kijiweni ametoa macho kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

— Meneja, wageni wanakuja na wewe umevaa sura ya matanga? aliuliza Droni.

— Wacha kwanza ninywe.

— Mie najua hawa wazungu wamefuata nini, akasema Balozi. Ukuta mrefu kuliko mtu, umesimama karne na karne, na hauna simiti hata kijiko! Wakishaijua hiyo siri, viwanda vyote vya simiti duniani vinafungwa.

— Wapi! Ni video, alisema Droni. Kuna msee aliposti akiingia ile lango fupi ameinama, ikasambaa. Wazungu wanapenda mahali pa kuinama. Kwao milango yote ni mirefu.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, akasema Balozi.

— Mawe yanaelea wapi?

— Ndiyo hivyo. Hayaelei kwa sababu hayana simiti.

Cephas akaweka kikombe.

— Shida yangu ni mama.

Akaeleza. Jana wale wageni, Waholanzi wawili, walipiga simu ya video kuuliza njia. Mama yake Cephas, Mama Phelesia, akachungulia. Mwanamke wa Kiholanzi akamsalimia kwa Kijaluo, "Oyawore, mama," na mama akatokwa na machozi. Akasema huyu si mgeni, huyu ni binti yangu. Papo hapo akampa jina la mama yake marehemu, Anyango.

— Sasa hiyo ni shida? Mgeni njoo, mwenyeji apone! alisema Balozi.

— Ako na bwana yake, Balozi.

Katiba aliteremsha kikombe polepole. Kikombe hicho kikiteremka polepole, kila mtu hujua kifungu kinakuja.

— Meneja, hiyo simba yako iko ndani ya dala ya mama ama iko nje?

Simba kwa Waluo ni nyumba ya mtoto wa kiume ndani ya boma la wazazi, yaani dala. Cephas ana mke na watoto, lakini hajatoka kwenda kujenga boma lake.

— Iko ndani.

— Basi kwisha! Mama amepata binti, mzungu amegeuka mkwe. Na mkwe halali kwa dala ya mama mkwe, hata akuje na ndege. Hiyo ni chira. Laana, Balozi, kama huelewi. Mama atakonda, ng'ombe zitakonda...

— Sina ng'ombe, Katiba.

— Hizo hauna ndizo zitakonda kwanza.

Cephas aliogopa kwelikweli. Chira aliiogopa, lakini aliogopa zaidi kuwafukuza wageni wake wa kwanza. Wangeandika kwenye simu zao kwamba huku watu wanakaribishwa halafu wanatimuliwa, na nani angekuja tena? Na kijiji kizima kilikuwa kimemwona akipanda ngazi na brashi.

— Jamani, samaki mkunje angali mbichi, alisema Balozi. Mama amuasili na mume pia. Wote wawe watoto wake. Mkwe atatoka wapi?

— Halafu kaka na dada walale kitanda moja? Katiba aliruka. Umetoa chira ya kikombe, umeleta ya debe!

— Basi waachane, alisema Droni. Kidogo tu. Waachane leo, kesho asubuhi warudiane. Mimi nitasimamia.

— Ni harusi mpya, Droni! alisema Cephas. Wametoka kanisani juzi!

— Si ndiyo itakuwa rahisi? Bado hawajazoeana.

Kezia, aliyekuwa akisuuza vikombe, akaingilia.

— Mzungu alale kule Ohinga kwenyewe. Si ndiyo amekuja kuona? Hiyo boma haina mama mkwe hata mmoja.

— Na fisi je?

— Fisi si ukoo, alisema Katiba. Kwa fisi sina kifungu.

Cephas alishika kichwa. Droni akamhurumia, akafikiri sana, mpaka mdomo ukabaki wazi.

— Omera, ndugu yangu, tusongeshe ua wa boma! Tung'oe, tuupitishe katikati. Simba ibaki nje, mama abaki ndani. Dala huku, mkwe kule.

— Kutoa simba nje ni kuanzisha dala mpya, alisema Katiba. Hiyo inataka jogoo, shoka, na mzee wa ukoo atangulie. Baba ya Cephas alishatuacha, kwa hivyo ni baba yake mdogo.

— Yuko Remba, anavua omena, alisema Cephas.

— Afuatwe. Haraka haraka haina baraka, kwa hivyo Droni, kimbia.

— Remba ni kisiwa, Katiba! Bodaboda haielei.

— Ukiona vyaelea... Balozi alianza.

— Nyamaza!

Balozi hakunyamaza. Alisimama, akakung'uta suruali, akaonekana mrefu kuliko asubuhi.

— Ndugu zangu, mnaniita Balozi bure? Nawauliza, mila za Wajaluo zinaishia wapi? Zinaishia mpakani. Na ubalozi ni nchi ya mwenyewe. Tutundike bendera ya Uholanzi pale mlangoni, mzungu akiingia yuko kwao! Mama mkwe yuko Kenya, mkwe yuko Uholanzi. Nani atasema wamelala boma moja?

Katiba alikuna kidevu, akapekua vifungu vyake vyote kimoyomoyo.

— Sioni mahali inakatazwa, alisema mwishowe, na ilimuuma kusema hivyo.

— Bendera yao ni rangi gani? Droni aliuliza.

— Nyekundu, nyeupe na buluu.

— Leso ya Kezia iko na nyekundu na nyeupe. Buluu tukate neti ya mbu.

— Leso yangu haiendi Uholanzi! alisema Kezia, lakini Cephas alikuwa ameshaishika upande mmoja, na moyo wake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ulikuwa umepata pa kukaa.

Hapo ndipo Millicent, mke wake, alipotokea njiani akija mbio, godoro kichwani.

— Baba Liz, wageni wako wamefika. Wamepitia njia ya juu.

— Mungu wangu! Na yule bwana? Mama amesemaje?

— Mama mwenyewe amewapa ufunguo. Nilimuuliza maneno ya mkwe, akacheka mpaka akashika mlango. Amesema mkwe ni mtu ameleta ng'ombe. Huyu hajaleta hata kuku. Ni kijana tu anamsindikiza binti yake. Alale, siku ataleta ng'ombe atatafutiwa pahali.

Benchi lilipasuka kwa kelele. Droni alipiga honi. Katiba alisema ndicho kifungu alichokuwa anakielekea, ila walikuwa wanamkatiza. Cephas alicheka, akataka pia kulia, akawashika mikono wote, na Kezia akairudisha leso yake haraka kiunoni.

Millicent hakucheka. Godoro lilikuwa bado kichwani.

— Sasa mimi niko na swali moja. Watoto wameenda kwa nyanya yao, sawa. Lakini hiyo nyumba umekodisha ndiyo tunalala. Kwa mama hatuwezi, mtu na bibi yake hawalali kwa nyumba ya mama, hata Katiba anajua. Wewe ulisema nisijali, umepanga. Mimi na wewe, leo tunalala wapi?

Cephas alimtazama Katiba. Katiba alitazama ndani ya kikombe. Balozi alifungua mdomo, akatafuta methali ya Kenya, akatafuta ya Tanzania, akaufunga. Droni aliwasha pikipiki na hakuwa na abiria. Kezia aliinamisha birika, likatoa tone moja na mvuke kidogo.

— Nimeuliza, alisema Millicent.