Saa ya Bi Mwanaasha Haiondoki

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2008, Bi Mwanaasha Kibwana anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini ya kazi katika kampuni yetu ya Bondwa Mizigo, hapa Morogoro. Wenzangu wa kitengo cha kompyuta wameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe ya kumuaga. Nimekubali kwa furaha, na kwa hasira pia. Wiki hiyohiyo zilipotoka kadi za mwaliko, lilitoka na tangazo la uongozi kwamba kuanzia tarehe mosi Julai mfumo wetu wa mtandaoni utaonyesha saa ya kimataifa peke yake. Yaani mama anastaafu Jumatatu, na saa aliyoipigania inafutwa Jumanne. Hilo nitalirudia, msiwe na wasiwasi.

Bi Mwanaasha ni mzaliwa wa Kichangani. Aliajiriwa mwaka 1978 kama mpiga chapa, wakati huo tukiwa shirika la umma. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ikawekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, kitu ambacho hata mkurugenzi hakuwa nacho. Bi Mwanaasha akaomba kuhamia huko. Mwenyewe anasema alikuwa na sababu mbili, kupenda hesabu na joto la Morogoro, na hajawahi kutuambia ipi ilikuwa ya kwanza. Alipelekwa masomoni Dar es Salaam akarudi mwandishi wa programu. Shirika lilipobinafsishwa mwaka 1997 wengi walipunguzwa, yeye akabaki.

Mwaka 2002 wamiliki wapya walinunua mfumo kutoka nje ili mawakala wetu wa Turiani, Dumila na Kinole waweze kuagiza lori wakiwa kwenye intaneti kafe yoyote. Wazo zuri kabisa. Tatizo ni kwamba mfumo ulikuja na kalenda ya huko ulikotoka, mwezi kwanza ndipo siku, na saa zake zilianza kuhesabiwa saa sita usiku. Hakuna aliyekumbuka kwamba sisi huku siku inaanza kwa saa moja asubuhi, na kwamba hata mtoto wa chekechea anajua hivyo.

Basi vituko vikaanza. Mpunga wa Turiani ulioagiziwa lori tarehe nne Machi ukapangiwa tarehe tatu Aprili. Kilichouma zaidi kilikuwa cha Kinole. Wakala wetu kule, Bwana Hatibu, aliagiza lori la saa nane usiku ili ndizi ziwahi soko la asubuhi Dar es Salaam, akaandika nane. Mfumo ukaelewa saa mbili asubuhi. Wakulima walishusha ndizi vichwani kutoka milimani, wakakaa barabarani na baridi mpaka kunakucha. Dereva wetu Agustino akatokea jua limeshawaka, anapiga mluzi, anajua amewahi. Maneno aliyopokelewa nayo hayaandikiki kwenye karatasi ya sherehe. Mengine yalikuwa ya Kiluguru, na Agustino, mtu wa Songea, anamshukuru Mungu hadi leo kwamba hakuyaelewa.

Bi Mwanaasha alimwendea meneja wa shughuli, Bwana Eric, na ombi moja. Ndani ya mashine wakati uhifadhiwe kwa namna moja tu, ile ya kimataifa, ili hesabu zisigongane. Lakini kila anayefungua ukurasa aonyeshwe tarehe na saa kwa namna anayoishi nayo, mmiliki aliye Johannesburg aone yake na wakala wa Kinole aone yake. Bwana Eric akajibu kwamba hizi ni zama za soko huria, dunia imekuwa moja, wateja ndio wajifunze. Bi Mwanaasha akamwambia mbele ya kikao kizima kwamba kwenye soko huria muuzaji ndiye anayemfuata mnunuzi. Akaongeza kwamba kadi ya harusi ya Bwana Eric mwenyewe iliandikwa saa nane mchana, na wageni wote walifika, wakala pilau, hakuna aliyepotea. Kikao kikaangua kicheko. Kesho yake mama akahamishiwa ghalani.

Walidhani atalia. Wapi! Alitafuta ubao na chaki, na kila asubuhi akaandika safari zote za siku, tarehe kwanza kisha mwezi, saa ya Kiswahili, na pembeni asubuhi, mchana, jioni au usiku. Madereva wakaanza kupitia ghalani kabla ya kuwasha gari. Haikupita muda Agustino na wenzake wakatamka waziwazi kwamba safari ambayo haipo ubaoni hawaiendi. Uongozi ukaagiza ubao ushushwe, yeye akaandika mlangoni. Mlango ukapakwa rangi, akaandika sakafuni. Mwishowe Bwana Eric akaja ghalani mwenyewe, akasimama akaisoma sakafu, akatazama saa yake ya mkononi, akamwambia arudi kitengoni akaiandike hiyo kazi kwenye kompyuta. Sisi hatukushangilia sana. Uongo, tulishangilia mpaka walinzi wakaja kuuliza kulikoni.

Msidhani hakuwahi kukosea. Toleo lake la kwanza liliandika tu "Ijumaa, saa nane usiku". Watu wa Kinole wakaelewa vizuri, maana kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama. Lakini mhadhiri mmoja wa Mazimbu, aliyekuwa anahamishia vyombo Dodoma, kwake usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Lori likampigia honi mlangoni siku moja kabla hajalitarajia. Maskini akatoka na kikoi, hajafunga hata sufuria, na kitanda alichotakiwa kukipakia mkewe amekilalia. Bi Mwanaasha alikwenda mwenyewe kuomba radhi, akakaa siku nzima akiwasaidia kufunga vyombo.

Baada ya hapo akaanza kuuliza watu. Aliuliza sokoni, msikitini kwao, kwa majirani zake wa kanisani, kwa walimu, kwa madereva. Alitaka maneno ambayo wote wakiyasoma wataamka usiku uleule. Akayapata, "usiku wa kuamkia Ijumaa". Tunayasikia redioni kila leo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria kuyaingiza kwenye kompyuta. Tangu siku hiyo malori yetu yakichelewa, lawama ni za tope la Kinole, si za saa.

Vijana aliowafundisha leo wako kwenye mabenki na makampuni makubwa Dar es Salaam. Sisi tuliobaki hapa ametufundisha kuanza kila kazi kwa swali lake lilelile, kwamba atakayesoma hiki ni nani, na anaamka wapi.

Sasa turudi kwenye tangazo. Uongozi unasema mfumo wenye saa moja ni rahisi kuutunza. Rahisi kwa nani? Kwa Hatibu na ndizi zake? Na kibaya zaidi, walioamriwa kuifuta saa ya Bi Mwanaasha ni sisi, aliotushika mkono. Siku tangazo lilipobandikwa alilisoma, akakaa, akanywa chai yake mpaka ikaisha. Kisha akatutazama mmoja mmoja akauliza kama kweli tutaifuta. Tukarudi kila mmoja kwenye mashine yake. Kumuona mama yule ambaye hata kupelekwa ghalani hakukumtisha, akiuliza hivyo kwa ajili ya mistari ya programu, kulituuma mno.

Basi Bi Mwanaasha, jibu letu ndilo hili, na tumelichapisha ili Bwana Eric naye alisome akiwa meza kuu. Hatuifuti. Toleo jipya tutaliandika, litapendeza, na saa yako itakuwa ndani yake.

Asante kwa miaka thelathini, kwa ukali wako na kwa vitumbua vya kila Ijumaa. Nenda ukapumzike Kichangani, umwagilie mchicha wako, uamke saa unayotaka mwenyewe. Mungu akupe afya na umri mrefu, na wajukuu wasikupe usumbufu. Sherehe ni Jumamosi saa nane mchana, hata kama kadi inasema saa mbili.

Na uongozi ukichukia, sisi wote wa kitengo tunaijua njia ya ghalani. Ubao bado upo, na chaki tumeshanunua.