Juisi Pembeni mwa Uwanja

Ndani ya basi, mama wa mshambuliaji alimgeukia kocha, hasira zimemfika kooni. "Mwanangu sukari inamshuka uwanjani, wewe unamnyang'anya juisi!"

"Mama, si ana kisukari? Nilimwonea huruma."

"Huruma gani hiyo ya kumwangusha chini? Binti anajidunga insulini, na akikimbia sukari inashuka. Juisi ndiyo inayomnyanyua!"

Kocha akakuna kisogo. "Basi kesho asicheze, nisije nikaua mtoto wa watu."

Mama akamwomba Mungu subira, kwa sauti iliyomfikia hadi dereva. "Kosa ufanye wewe, benchi akalie yeye?"

Basi likasimama. Kocha akashuka upesi, na mama akashuka nyuma yake, ingawa kituo chake kilikuwa bado mbali.